Barua ya wazi kwa wenye hoteli, baa na migahawa: msituagize tumwite mteja "mpenzi"

Kwa wamiliki na mameneja wa hoteli, baa na migahawa nchini Tanzania. Kwa wakuu wa vyuo vinavyofundisha huduma kwa wateja. Na kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi.

YAH: MAJINA YA MAPENZI KATI YA WAHUDUMU NA WATEJA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke niliyebeba sinia kwa miaka 14, kwanza Morogoro na baadaye Dar es Salaam, na sasa ninamiliki mgahawa wa meza tisa wenye wahudumu wanne. Kwa hiyo lawama nitakazozitoa humu zinanirudia na mimi mwenyewe, kwa sababu nimewahi kuipokea amri ninayoilalamikia na nimewahi pia kuitoa. Amri yenyewe ni ile inayomtaka mhudumu amwite mteja "mpenzi", "dia", "kipenzi" au "swiiti", iwe imeandikwa katika mwongozo wa huduma au imesemwa tu na meneja asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Najua mnayo mambo mazito ya kuwaumiza vichwa, kodi, umeme, bei ya mafuta ya kupikia, na kwamba mtu akiwaletea shauri la neno moja mnaweza kumwona hana kazi. Lakini neno hilo mhudumu hulitamka kwa zamu moja mara nyingi kuliko jina la mwanawe, na gharama yake hailipwi na yule aliyeliagiza.

Mwaka 2009 hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi ilituletea mkufunzi wa siku mbili. Alitugawia kijitabu cha kurasa zilizobanwa kwa pini, na ukurasa wa tatu ulieleza kwamba mteja anayeitwa kwa jina la mapenzi hurudi, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna tena kusema "mzee" wala "mama", kwa kuwa maneno hayo humzeesha mtu. Tulifanya mazoezi wawili wawili, mmoja akijifanya mteja, tukicheka hadi machozi yakatutoka, maana ilikuwa kama igizo. Jumapili iliyofuata igizo likaingia na watu wake.

Walikuwa mzee mmoja na mkewe, wametoka kanisani. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani, na mzee alikuwa ameshika Biblia kwapani. Kwa malezi yangu ningepiga goti kidogo, nikasema "Shikamooni", nikaitikiwa "Marahaba, hujambo mwanangu", nikavuta kiti cha mama kwanza, na mengine yote yangekwenda yenyewe. Lakini meneja alikuwa amesimama kaunta akitazama kama somo limetuingia. Nikasema, "Karibu, mpenzi, leo utapenda nini?" Nilikuwa nikimtazama mzee, kwa kuwa ndiye aliyeshika menyu. Mama akaichukua menyu mkononi mwa mumewe, akaifunga, akailaza mezani, akaniuliza bila kupandisha sauti: "Mpenzi wa nani?" Nilichojibu sikikumbuki. Nakumbuka mzee alivyokohoa, na nakumbuka kwamba walikunywa soda wakaondoka, na mguu wa mbuzi waliokuwa wamekuja kuula haukuagizwa. Meneja aliniambia kwamba sikutabasamu vya kutosha.

Usiku wa wiki hiyohiyo, upande wa baa, mteja niliyekuwa nikimhudumia tangu saa kumi na mbili jioni alinishika kifundo cha mkono nilipokuwa nikikusanya chupa tupu. Nilipojaribu kuutoa mkono, alisema kwa utulivu kabisa kwamba mimi ndiye niliyeanza, kwa kuwa nilipomletea bia ya kwanza nilimwita mpenzi, na wenzake wawili waliokuwa mezani wakathibitisha kwamba wamesikia kwa masikio yao. Ni kweli nilimwita. Kulikuwa na mashahidi wawili dhidi yangu na neno ambalo sikulitunga, nami nimesimama pale na chupa nne katika mkono mmoja, nikijua kwamba bili yake ya jioni nzima bado haijalipwa na kwamba akiondoka kwa hasira fedha hiyo itakatwa kwenye mshahara wangu. Nikacheka. Wahudumu watakaosoma barua hii wanakijua hicho kicheko.

Nilikuwa nimemuuliza mkufunzi yule, wakati wa chai, mambo haya ameyatoa wapi. Alisema aliwahi kufanya kazi ya mgahawa Uingereza, na kwamba huko kila mtu huitwa hivyo. Hakudanganya. Binamu yangu anayeishi Leeds ananiambia kwamba muuza mboga, dereva wa basi na karani wa posta humwita "love" mtu yeyote, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa kijana, na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kule neno hilo limekwisha makali kwa kutumiwa, kama kisu cha jikoni. Pande za Nottingham mteja huitwa "duck", yaani bata. Nashukuru kwamba mkufunzi wetu hakupitia huko. Hata wao hawakubaliani wote: mwaka 2012, mjini Brighton, madereva wa mabasi waliambiwa waache kuwaita abiria "babe" baada ya abiria kulalamika. Lakini hayo ni yao na watayamaliza wenyewe. Kosa letu sisi ni kulibeba neno la watu, kulifasiri kuwa "mpenzi", na kulipachika mdomoni mwa binti wa Kitanzania aliyevaa sare. Kwa Kiswahili mpenzi ni mtu fulani. Ana jina, mnajuana, na kwao kuna wazee ambao siku moja mtakwenda kujitambulisha. Ukilitamka neno hilo mbele ya mwanamume usiyemjua, umemfungulia mazungumzo ambayo hukuyataka, naye, akiwa na bia tatu kichwani, atayaendeleza kuanzia pale ulipoyaachia.

Tena hatukuwa na upungufu wa namna ya kuitana. Mwanamke anayepika wali na maharage chini ya mwembe tunamwita mama ntilie, ingawa wakubwa siku hizi hupenda kusema mama lishe, na jina hilo la kazi limetokana na sauti ya mteja mwenyewe anayenyoosha sahani: mama, nitilie. Kazi nzima, inayosomesha watoto kutoka Kyela hadi Kigamboni, imepata jina kutokana na jinsi mteja anavyomwomba mhudumu wake chakula, na anaomba kama mtoto anavyomwomba mzazi, ijapokuwa yeye ndiye mwenye fedha mfukoni. Ukimwita mtu mama, umejipa wewe mwenyewe nafasi ya mwana, na mwana ana mipaka yake. Ukimwita dada, umejizuia. Ndiyo maana majina ya undugu hufanya kazi pande zote mbili za kaunta: kaka anayeuza vocha na anti anayenunua, babu mlinzi wa getini na mjukuu aliyechelewa kurudi, konda anayesema "shangazi, sogea kidogo" na shangazi anayesogea huku akinung'unika. Hakuna hapo aliyedai kwamba anampenda mwenzake. Wamewekana tu mahali ambapo kila mmoja anajua mkono wake uishie wapi.

Aliyenionyesha nguvu ya jambo hili alikuwa mhudumu mwenzangu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, ambaye hakuwahi kukaa katika chumba cha mafunzo. Mteja akimwita "bebi, hebu njoo", yeye aligeuka na uso uliotulia, akaitika "Abee, baba", akaenda, akasimama upande wa pili wa meza na kuinamisha kichwa kidogo, kama binti anayesubiri kutumwa dukani. Mteja wa miaka 50 aliitwa baba, wa miaka 30 aliitwa kaka, na kijana mdogo aliyekuja na funguo za gari la baba yake aliitwa mwanangu, kwa sauti ambayo meza ya jirani iliisikia. Nimemwona kwa macho yangu mwanamume mzima akiurudisha mkono wake mezani kwa sababu ya neno hilo "baba" peke yake, akaanza kuuliza kama supu bado ipo. Wala hakuwa amemtukana, na wala meneja hakuwa na la kumshitaki. Amri ya 2009 ilipokuja, yeye ndiye aliyeumia kuliko sisi sote, kwa sababu alinyang'anywa ngao akakabidhiwa chambo.

Sisemi kwamba neno tamu ni haramu kati ya muuzaji na mnunuzi. Mtaani nilikokulia, Tanga, bibi aliyekuwa akiuza maandazi aliniita mke mwenza, kwa kuwa mumewe alikuwa babu yetu sote pale mtaani na babu humwita mjukuu wake mchumba. Nami nilimjibu kwamba leo zamu ni yangu, kwa hiyo anipunguzie bei. Zanzibar na Mombasa utasikia "habibi" na "mpenzi wangu" vikipita kati ya wanawake wawili wanaopatana bei ya kanga, na hakuna kinachoharibika. Utani una wenyewe na una kanuni zake, na kila mmoja aliye ndani yake anaweza kuukatisha. Bibi yule hakuagizwa na mtu. Wiki aliyofiwa hakunitania. Alinifungia maandazi yangu kwenye gazeti akanyamaza, nami nikampa pole na kuondoka. Mhudumu mwenye amri ya kusema "mpenzi" hawezi kunyamaza, awe na msiba yeye au awe na msiba mteja.

Pale Kariakoo mmesikia mawinga, vijana wanaowavutia wateja madukani, wanavyowaita akina mama "mamii", "mrembo", "mamaa mzuri", na mmesikia pia wanachoitwa akina mama haohao wakipita bila kununua. Hapo sina haja ya kuongeza neno.

Nisiyasifu majina ya undugu kupita kiasi, kwa sababu nayo yanaweza kutumiwa bila macho. Mdogo wangu alipopoteza mimba ya miezi saba, kila aliyepita karibu na kitanda chake wodini alimwita mama: mama geuka, mama meza dawa, mama umeshakula? Hakuna aliyemkusudia ubaya, kwani ndivyo wanawake wote walivyoitwa katika wodi ile, lakini yeye kila alipolisikia neno hilo aligeukia ukutani. Asubuhi ya siku ya tatu alikuja muuguzi mwingine wa zamu, akalifungua faili, akasoma kwanza huku amesimama, kisha akamwita kwa jina lake, jina la kwanza na la baba. Mdogo wangu amesahau sura za madaktari wote lakini huyo anamkumbuka mpaka leo. Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ufundi ulipo. Muuguzi yule alitazama kabla ya kuita. Mhudumu mzuri hufanya vivyo hivyo mtu anapovuka kizingiti: anaangalia mvi, pete, mavazi ya msiba, mtoto mgongoni, uso wa mtu aliyegombana na mtu njiani, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho ameamua kama ni shikamoo au habari za saa hizi, kama ni mzee au kaka, au kama leo huyu anataka kuachwa na chai yake. Anaweza kukosea, kuna kina dada wa miaka 38 ambao ukiwaamkia shikamoo wanakuuliza kama wamezeeka. Lakini kosa hilo huisha kwa kicheko. Mnapoandika neno moja katika kijitabu, litumike kwa watu wote, mnamnyima mhudumu kazi ya macho yake, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii yenye akili kuliko zote.

Wapo wenye hoteli waliokwisha kuliona tatizo na wakakimbilia upande wa pili, wakapiga marufuku majina yote na kubakiza "sir" na "madamu", hata kwa mzee wa Usukumani ambaye maishani mwake hajawahi kuitwa hivyo na ambaye hujiangalia nyuma aone ni nani anayesemeshwa. Ninaelewa hofu yao. Nchi hii ina historia ya kuitana vibaya kazini. Babu zetu waliofanya kazi kwenye nyumba za wazungu waliitwa "boi" wakiwa na wajukuu. Ndiyo maana baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno "ndugu" lilipewa kazi ya kuwasawazisha watu wote, waziri na mfagizi, na kwa muda lilifanya kazi hiyo vizuri. Leo "mheshimiwa" amerudi na ndugu amebaki kwenye ujumbe wa simu, ule unaoanza na "Ndugu mteja" na kumalizika kwa kukuarifu kwamba salio lako halitoshi. Bado ni neno zuri, nami ningelipendelea mara mia kuliko "mpendwa mteja" lililokuja baadaye; mpendwa tumelizoea kwenye barua na kwa walokole, na wote hao wana sababu ya kulitumia.

Upande wa wateja wetu nao nisiufumbie macho. Mhudumu huitwa kwa mluzi, kwa "psii", kwa kugonga glasi na kizibo, kwa "we baamedi", na saa mbili baadaye mdomo uleule humwita bebi na mke wangu. Kinachowarahisishia ni beji mnazotubandika kifuani zenye jina la kwanza peke yake. Nikiwa na miaka 36 na watoto watatu, mtaani kwangu hapakuwa na mtu mwenye adabu aliyeniita kwa jina hilo. Niliitwa mama wa mwanangu wa kwanza, kama kila mwanamke wa rika langu. Kazini, kijana aliyemaliza chuo mwaka jana alilisoma kifuani pangu, akichukua muda mrefu kulisoma kuliko linavyohitaji herufi zake tano, na kuanzia hapo likawa lake kwa usiku mzima. Yeye jina lake sikulijua. Mteja anaijua nafasi aliyopewa na beji ile, na anajua kwamba mhudumu hawezi kumjibu sawasawa kwa kuwa chenji inayobaki, bili na malalamiko kwa meneja vyote vimo mkononi mwake.

Msiseme kwamba sheria haina habari na maneno. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinahesabu bughudha dhidi ya mfanyakazi, ikiwa imesimama juu ya misingi kama jinsia, kuwa ni aina ya ubaguzi, na kinaikataza. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinataja maneno pamoja na vitendo. Majirani zetu wa Kenya, katika kifungu cha 6 cha Sheria yao ya Ajira ya 2007, wamekwenda mbele kwa kumtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tamko la sera juu ya unyanyasaji wa kijinsia kazini. Lakini kifungu hicho kimewataja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza, na mteja amekaa nje ya orodha. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, umeliona pengo hilo na kuzitaka nchi zizingatie pia unyanyasaji unaowahusisha watu wa tatu, na katika baa mtu wa tatu ni yule aliyekaa mbele ya chupa. Nauliza kwa heshima: mfanyakazi atakwendaje kulalamika kwamba mteja amemwita mpenzi, ikiwa mwajiri ndiye aliyemfundisha kuanza?

Nilisema nitajitaja na mimi. Nilipofungua mgahawa wangu mwaka 2016, jirani yangu alikuwa na wasichana waliochangamka sana, nami nikaogopa kukosa wateja, nikamwambia mhudumu wangu wa kwanza awe anawaita wateja wa mchana mpenzi. Nilisahau kabisa usiku ule wa chupa nne, au labda sikusahau ila nilidhani kwamba wali wa mchana si kama bia ya usiku. Alinisikiliza akifuta meza, akamaliza kufuta, akaniambia, "Dada, hilo neno ninalo la mtu mmoja." Hakugoma wala hakuacha kazi. Aliendelea kuwaita kaka, mama, mjomba na babu, na yule mjomba wa meza ya dirishani bado anakuja kila Ijumaa kula pilau, akimkosa mhudumu huyo anauliza, "Binti yangu yuko wapi?"

Kwa hiyo ninawaomba, ninyi wenye hoteli, baa na migahawa, myafute majina ya mapenzi katika miongozo yenu na kuacha kuyaagiza kwa mdomo, na mahali pake mwandike kwamba mhudumu atachagua mwenyewe jinsi ya kumwita mteja kwa kuangalia umri, hali na mazoea ya mahali. Zanzibar patachaguliwa tofauti na Mwanza, na mtalii wa Ujerumani atasalimiwa tofauti na bibi harusi wa Mbagala. Beji ziandikwe Bi. au Bw. pamoja na jina la ukoo, au ziandikwe "Mhudumu" na namba, maana namba inatosha kabisa kwa mteja mwenye lalamiko la haki. Mhudumu akija kaunta akasema "meza ile siiwezi", apewe mwenzake kuibeba bila kuhojiwa mbele ya watu, na bili ya meza hiyo isikatwe kwake hata kama mteja ataondoka bila kulipa. Hili la bili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu mhudumu anayedaiwa chupa za mteja hawezi kumwambia mteja huyo aondoe mkono.

Kwenu mnaofundisha, wa Chuo cha Taifa cha Utalii, wa VETA na wa vyuo vyote vya hoteli, somo la kumpokea mgeni lianze na maamkizi yetu kabla ya kufika kwenye sentensi za kukariri. Kijana anayetoka Iringa anajua tayari jinsi ya kumpokea mkubwa wake. Akifika chuoni asiambiwe kwamba anachokijua ni ushamba. Kama mnataka kumwongezea, mwongezeeni namna ya kuitika, kwa sababu wengi wanajua kuita na hawajui kwamba "abee" na "naam" zinaweza kuendesha meza nzima.

Kwako Mheshimiwa Waziri, maofisa kazi wanapokagua mikataba na mishahara, waombe pia kuuona mwongozo wa huduma na kuusoma ukurasa wa maneno, na pale ambapo hakuna karatasi wawaulize wahudumu wenyewe, pasipo meneja karibu, wameambiwa waseme nini. Sheria itakaporekebishwa, mteja atajwe humo kwa jina lake.

Kile kijitabu cha 2009 bado ninacho, kimechakaa na kina doa la rosti ukurasa wa tatu. Niko tayari kukileta katika ofisi yoyote nitakayoitwa, siku ya Jumatatu, ambayo ndiyo siku ninayofunga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye mgahawa wa meza tisa,
Dar es Salaam.

Nakala: CHODAWU, chama cha wafanyakazi, kwa niaba ya wahudumu wa mahoteli, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa ajili ya neno "mpenzi".